Koti Namba Mia na Kumi na Nne

Kitabu nilikikuta ndani ya koti namba mia na kumi na nne,
koti la manyoya ya kondoo, mfuko wa kushoto umelegea kwa uzito wake.
Mwenyewe hakurudi. Hospitali yetu hapa Kotlas
huingiza watu kwa mlango wa mbele
na wengine huwatolea nyuma, bila koti.
Nilingoja hadi Machi. Hakuna aliyeleta kibao.
Ndipo nikakifungua.

Kurasa mia nane na kumi na mbili,
herufi kama sisimizi walionyeshewa.
Mimi ni mtunza makoti. Vitabu namwachia dada yangu Glafira.
Lakini baridi huku haina haraka,
na makoti, hata mia mbili, hayana mazungumzo.

Ni habari ya mwinyi mmoja mwenye mashamba
aliyeghushi wasia wa shangazi yake,
kisha akanyamaza karani wake alipofungwa kwa kosa hilo,
akapelekwa Siberia kwa miguu, minyororo ikilia njia nzima.
Hilo hutokea ukurasa wa arobaini.
Kurasa zote zilizobaki, bwana huyu hali, halali,
anazunguka chumbani, anasema na jiko.
Anatoa sadaka. Anagombana na kasisi.
Anaongea Kifaransa kurasa tatu mfululizo.
Nikapayuka: "Sema basi, bwana! Neno moja tu!"
Mzee aliyekuwa dirishani akashtuka,
akasema: "Thelathini na mbili."

Ukurasa wa mia mbili na sita nilikifunga
kama mtu afungavyo mlango
baada ya kuona ni nani amesimama nje.

Miaka kumi na moja iliyopita,
katika koti la daktari Sherstobitov,
palikuwa na bahasha. Rubli elfu thelathini.
Nami mabomba ya nyumbani yalikuwa yamepasuka, na...
Hapana. Sababu ni theluji ya Aprili,
ukiishika upate kuionyesha watu
unabaki na kiganja kilicholowa.
Walimfukuza Ulyasha, msichana wa kupiga deki,
vidole vyekundu kwa magadi,
kwa kuwa alilelewa kituo cha yatima,
na wa huko, walisema, huzaliwa na mkono mrefu.
Alikuja dirishani. Nikampa koti lake,
koti jepesi, la kuvaa Septemba.
Nje ilikuwa digrii ishirini na nane chini ya sifuri.
Nikamwambia: "Funga kifungo cha juu."
Basi. Ndiyo yote niliyosema.

Nilikirudia kitabu baada ya wiki,
kama ulimi unavyolirudia jino bovu.
Yule bwana sikumtukana tena.
Akizunguka chumbani, nami nilizunguka,
kati ya makoti yanayodondosha maji,
kila moja limeinamisha mabega
kama shahidi aliyechoka kusubiri kuitwa.

Ukurasa wa mia sita na tisa palikuwa na tiketi ya basi.
Mwenye koti aliishia hapo.
Kuanzia hapo nilisoma peke yangu,
na kwa mara ya kwanza niliogopa,
maana mpaka hapo tulikuwa wawili.

Mwisho wake siusemi. Usome mwenyewe.

Glafira anasema Ulyasha ana kibanda stesheni,
anauza soksi za sufu na sindano.
Nilikwenda Jumamosi. Nikapanga foleni.
Zamu yangu ilipofika, nikanunua soksi.
Jumamosi ya pili pia. Na ya tatu.
Sasa nina jozi kumi na nne,
na miguu ni hii hii miwili.
Naijua sura hii: ni ile ya sadaka,
ambayo bwana yule anamwaga sarafu kanisani
na kila sarafu inarudi na sauti ya mnyororo.

Juzi alinirudishia chenji,
akanitazama vile vile, bila kusema kitu.
Kisha akasema:
"Funga kifungo cha juu, mama. Kuna upepo."

Jumamosi hii naenda bila pochi.